Askari Wanaokufa Bila Kuguswa

Ndugu wasikilizaji, walimu wetu, wanafunzi, na ninyi mliokuja kwa sababu tu jina la Ebola linawatisha, asanteni kwa kufika.

Kazi yangu ni kusoma tishu. Kipande cha kiungo cha mnyama aliyefia maabara hukatwa kikawa chembamba kuliko unywele, kikalazwa juu ya kioo, kikatiwa rangi, ndipo mimi nikainamia hadubini. Naomba nianze na picha mbili za namna hiyo. Ya kwanza, hii hapa, ni bandama ya tumbili mwenye afya. Tazameni visiwa hivi vya zambarau iliyokolea katikati ya uwanja mwekundu. Kila nukta ndani ya kisiwa ni kiini cha limfosaiti, zile seli nyeupe za damu zinazomtambua adui mmoja mmoja na kumkumbuka kwa miaka mingi. Zimebanana hapo hata nafasi ya sindano huioni. Picha ya pili ni bandama ya tumbili aliyeambukizwa Ebola, siku ya saba. Visiwa vimesinyaa. Palipojaa nukta sasa pana vumbi: vipande vya viini vilivyomeguka, vitone vyeusi vilivyotawanyika huku na huku, na katikati yake nyuzinyuzi za waridi za damu iliyoganda.

Ukiiona picha hii utasema kirusi kimeingia ndani ya seli hizo kikaziua. Nami nilidhani hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Lakini tunayo rangi maalumu inayonasa kwenye protini za kirusi tu. Ukiitia, utaona rangi imewaka kwa majirani, kwenye seli kubwa zinazozizunguka limfosaiti. Limfosaiti zenyewe ni safi. Hakuna kirusi ndani yake. Zimekufa bila kuguswa.

Siku nilipolielewa jambo hilo sikupata usingizi, na ndilo lililonileta mbele yenu leo.

Homa hizi tumezibandika jina la damu. Ebola, Marburg, Lassa, Homa ya Bonde la Ufa, homa ya Junin ya Argentina, homa ya Crimea na Kongo, zote tunaziita homa za kutokwa damu. Jina hilo limetupotosha. Katika mlipuko wa Ebola wa Afrika Magharibi, Shirika la Afya Duniani lilipochambua wagonjwa wa miezi ya mwanzo ya 2014, waliotokwa damu bila sababu nyingine walikuwa chini ya mtu 1 kati ya 5. Wengine wote walikuwa na homa, kutapika, kuharisha na kuishiwa nguvu, mambo ambayo mhudumu huyaona kila siku kwenye malaria na homa ya matumbo. Mhudumu anayengoja aone damu ndipo ashuku Ebola atakuwa amechelewa, na huenda yeye mwenyewe ameshaambukizwa. Damu, ikija, huja mwishoni. Kinachoanza ni kuporomoka kwa kinga, na kinaanza kabla mgonjwa hajajua kuwa anaumwa.

Tumelijuaje hilo? Binadamu hafiki hospitali siku ya kwanza. Anafika siku ya nne, ya sita, ya nane, na yaliyotokea kabla ya hapo yameshapita. Ndiyo maana wanyama wa maabara wamekuwa dirisha letu pekee la siku za mwanzo. Anayefuata njia ya binadamu kwa karibu zaidi ni tumbili wa jamii ya makaka. Katika utafiti uliochapishwa 2003, kundi la tumbili hao liliambukizwa kwa pamoja kisha wakachunguzwa kwa zamu, siku hadi siku, ili ionekane kirusi kiko wapi leo na kesho kitakuwa wapi.

Mahali pa kwanza kilipoonekana ni ndani ya seli mbili ambazo kazi yake ni ulinzi. Moja ni makrofaji, seli kubwa inayokula takataka na vijidudu. Nyingine ina mikono mingi kama matawi ya mti, kwa hiyo niiite seli ya matawi. Hii kazi yake ni kumkamata mvamizi, kumkatakata, kisha kumbeba hadi kwenye tezi la limfu na kuwaonyesha limfosaiti: huyu hapa adui, mtazameni vizuri, jiandaeni. Ni mpiga mbiu wa mwili. Kirusi cha Ebola kinaingia ndani ya mpiga mbiu huyo na kumziba mdomo. Anaendelea kusafiri, lakini akifika kwenye tezi hana la kusema, na badala ya habari amebeba kirusi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui mfano ulio wa kweli zaidi ya huu.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye huko kuzibwa mdomo, kwa sababu hapo ndipo elimu ya miaka thelathini iliyopita ilipozaa matunda.

Mwaka 1957, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walikuwa London wakichunguza jambo la ajabu: seli zilizokutana na kirusi kimoja zilikuwa zinatoa kitu fulani kinachozifanya seli nyingine zikatae virusi. Wakakiita intaferoni. Ni kilio cha jirani usiku. Seli iliyovamiwa inapiga yowe, na seli za karibu zinafunga milango kabla mwizi hajafika. Karibu kila mnyama mwenye uti wa mgongo ana yowe la namna yake. Na kila kirusi cha homa hizi tulichokichunguza vizuri kina mbinu ya kulizima.

Ebola inazo mbili zinazojulikana zaidi. Protini yake moja, VP35, inafunika vipande vya chembe za urithi za kirusi ili seli isitambue kwamba ina mgeni. Hapo yowe halipigwi. Nyingine, VP24, inasimama mlangoni mwa kiini cha seli na kuuzuia ujumbe wa intaferoni usiingie. Hapo hata jirani akipiga yowe, halisikiki. Marburg, ndugu yake Ebola, inafanya kazi hiyo ya pili kwa protini tofauti. Lassa, ambayo si ya ukoo wao kabisa, ina protini inayozitafuna chembe ambazo zingeiamsha seli. Tazameni hapo: virusi visivyo na undugu, kila kimoja kwa njia yake, vyote vimefikia uamuzi uleule kwamba jambo la kwanza ni kuzima yowe.

Lakini mtu makini ataniuliza, unajuaje kwamba kuzima yowe ndiko kunakoua? Labda ni jambo la pembeni tu. Swali zuri, na jibu lake limetoka kwa panya.

Kuna aina ya kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa iitwayo Clone 13. Ilipatikana kwa mgonjwa wa Jamhuri ya Afrika ya Kati ambaye ugonjwa haukumzidi. Ndani yake, jeni la protini iitwayo NSs limepoteza sehemu kubwa, na NSs ndiyo protini inayozima intaferoni. Chukua panya wa kawaida, mdunge Clone 13. Haumwi. Chukua panya wa pili, aliyezaliwa bila kipokezi cha intaferoni, yaani masikio ya seli zake hayasikii yowe. Mdunge Clone 13 ileile. Huyu anakufa. Kirusi hakikubadilika hata herufi moja. Aliyebadilika ni panya. Jaribio hilo lilichapishwa 2001, na mimi nikiwafundisha wanafunzi huwa nawaomba walikariri, kwa sababu linaonyesha kwa panya wawili tu kwamba makali ya kirusi yanapimwa kwa kinga ya anayeambukizwa. Clone 13 baadaye ikawa chanjo ya mifugo huko Afrika Kusini.

Ebola nayo imepita mtihani wa namna hiyo. Panya mzima wa maabara hafi kwa Ebola iliyotoka moja kwa moja kwa binadamu, ila yule aliyeondolewa njia ya intaferoni anakufa. Na mwaka 2010 ikaonyeshwa upande wa pili wa sarafu: kirusi kilichoharibiwa VP35 yake, kikashindwa kujificha, hakikuwaua simbilisi waliodungwa, na baada ya hapo simbilisi hao walistahimili hata Ebola kamili.

Niguse kidogo historia, kwa sababu wanyama hawakuanza kutufundisha juzi. Kirusi cha Bonde la Ufa chenyewe kilitambuliwa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya, wakati wanakondoo walipokuwa wakifa kwa mamia. Daubney, Hudson na Garnham waliandika taarifa yao mwaka 1931. Marburg ilijulikana 1967 wakati wafanyakazi wa maabara za Marburg, Frankfurt na Belgrade walipougua baada ya kushika tishu za tumbili waliosafirishwa kutoka Uganda. Watu 31 waliugua, 7 wakafa. Katika visa vyote viwili kirusi kilijulikana kupitia mnyama.

Turudi kwenye ile bandama. Kama kirusi hakiingii kwenye limfosaiti, nani anaziua?

Zinajiua. Kila seli ya mwili ina amri ya kujimaliza, na kwa kawaida amri hiyo ni ya manufaa: seli iliyozeeka au iliyoharibika inajikunja, inajikatakata na kuzolewa bila fujo. Katika mnyama mwenye Ebola, amri hiyo inatolewa kwa wingi mno. Makrofaji zilizoambukizwa zinamwaga kwenye damu kemikali za hasira, zile zinazoleta homa na uvimbe, na pamoja nazo ishara zinazosema "kufa". Wakati huohuo limfosaiti zinangoja neno la kuziimarisha kutoka kwa seli ya matawi, na neno haliji kwa sababu mpiga mbiu amezibwa. Seli isiyopewa neno hilo, ikaogeshwa na ishara za kifo, inajimaliza. Damu ya tumbili ikipimwa siku hizo, seli T, ambazo ni aina mojawapo ya limfosaiti, zimepungua, na zile seli za doria zinazoua bila kungoja maelekezo zimepungua pia. Jeshi limetoweka kabla ya vita. Wakati huohuo kirusi kinaongezeka mara elfu kwa elfu, maana hakuna wa kukizuia.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa, nami nawaelewa. Kinga imezimwa, tena kinga imewaka kupita kiasi? Ndiyo, yote mawili, katika mwili mmoja, kwa wakati mmoja. Ile inayolenga shabaha imekufa. Ile inayochoma ovyo ndiyo iliyobaki. Na moto huo ndio unaotufikisha kwenye damu. Makrofaji iliyoambukizwa inatoa kwenye ngozi yake protini inayoanzisha kuganda kwa damu. Damu inaganda ndani ya mishipa midogo, mahali pasipo na jeraha lolote, hadi vitu vya kugandisha vinakwisha. Vikiisha, hata tundu dogo la sindano linavuja. Kwa hiyo hata kule kuvuja damu, ambako ndiko kulikoupa ugonjwa jina, kumeanzia kwenye seli ya kinga.

Watafiti walilipima wazo hilo kwa dawa ya ajabu. Minyoo ya safura ya mbwa hula damu, na ili isiwagandie mdomoni wana protini inayozuia kuganda. Protini hiyo ilitengenezwa maabara wakapewa tumbili 9 walioambukizwa Ebola, ugonjwa ambao kwa tumbili hao huua karibu wote. Watatu walipona. Watatu kati ya tisa si dawa ya kujivunia, najua. Lakini dawa ile haikugusa kirusi hata kidogo. Ilizuia tu mwili usijidhuru, na theluthi moja wakaishi. Mimi naona hilo ni somo kubwa kuliko majaribio mengi yaliyofanikiwa zaidi.

Lassa inatulazimisha tuwe wanyenyekevu, maana haikubali kuingizwa kwenye kibanda cha Ebola. Kwa tumbili walioambukizwa Lassa, wale wanaopona ni wale ambao seli zao T ziliamka mapema na kwa nguvu. Wanaokufa, seli hizo zilibaki zimelala. Hapo utasema, basi seli T ni mwokozi. Lakini mwaka 2010 panya waliopewa jeni la binadamu la kutambulisha adui waliambukizwa Lassa, baadhi wakaondolewa seli T. Waliobaki nazo waliugua. Walioondolewa hawakuugua, ingawa damu yao ilijaa kirusi. Mkono uleule unaookoa unaweza kuua, na ni saa ya kuamka inayoamua. Kiongozi wa maabara akikuambia amepata dawa ya kuamsha kinga kwa homa zote hizi, muulize kwanza, itaamsha lini?

Na kuna mnyama ambaye haumwi kabisa. Popo wa matunda wa Misri ndiye hifadhi ya kirusi cha Marburg. Kilipatikana ndani yao kwenye migodi na mapango ya Uganda. Maabara ikimwambukiza popo huyo, kirusi kinaongezeka, kinafika kwenye ini na bandama, kisha kingamwili, yaani protini za kinga zinazomnasa adui, zinatokea na kirusi kinaondoka. Popo anaendelea kula. Watafiti walipotazama jeni zake zilizoamka wakati wa maambukizi, walikuta yowe la intaferoni lipo, ila zile kemikali za hasira zimeshikwa breki. Nimeona bandama yake kwenye kioo: visiwa vya zambarau viko mahali pake. Kirusi ni kilekile kinachoua binadamu.

Je, haya ya wanyama yanamhusu binadamu? Yanamhusu. Katika milipuko ya Gabon ya 1996, damu ya wagonjwa ilichukuliwa mapema, na matokeo yakachapishwa 1999. Waliopona walikuwa wameshatengeneza kingamwili mapema, na seli T zao ziliamka kwa mpangilio. Waliokufa hawakuwa na kingamwili za maana, na ndani ya damu yao kulikuwa na mabaki ya seli T zilizojimaliza. Picha ileile ya bandama ya tumbili, sasa imeandikwa kwenye damu ya mtu.

Ndipo matibabu yalipoanza kueleweka. Kama mgonjwa hawezi kutengeneza kingamwili, mpe zilizotengenezwa na mwingine. Mtu aliyenusurika mlipuko wa Ebola wa 1995 mjini Kikwit, Kongo, alitoa damu miaka 11 baadaye, na limfosaiti zake zilikuwa bado zinakumbuka. Kutoka kwenye kumbukumbu hiyo ikapatikana kingamwili iitwayo mAb114. Iliwaokoa tumbili kwanza. Halafu, katika jaribio lililofanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2018 na 2019 chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ikaokoa watu. Miongoni mwa waliopewa dawa hiyo wakiwa bado wana kirusi kidogo kwenye damu, aliyekufa alikuwa takribani 1 kati ya 10. Nawaomba mlishike hilo, maana nimesikia mara nyingi watu wakisema Ebola haina dawa, kwa hiyo hakuna haja ya kwenda hospitali. Ipo. Inadai uwahi, kabla visiwa havijabomoka.

Siwezi kuondoka hapa bila kusema neno juu ya wanyama wenyewe. Tumbili ni kiumbe mwenye macho yanayokutazama. Wanaowahudumia wamevaa mavazi yenye hewa yake, ndani ya maabara zenye ulinzi wa ngazi ya juu kabisa, na kwa kanuni mnyama aliyefikia kiwango fulani cha mateso humalizwa bila maumivu, haachwi afe taratibu. Hilo halifuti gharama. Kila kioo ninachokitazama ni uhai, na sina haki ya kukitazama kwa haraka. Pale panya au seli za kwenye chupa zinapotosha kulijibu swali, kumtumia tumbili ni kosa, na nimekataa kushiriki mara zaidi ya moja kwa sababu hiyo.

Nimalizie na kioo cha mwisho. Si bandama, ni jicho. Ni la tumbili aliyepona. Alikula, alicheza, damu yake ilipimwa ikawa safi. Mwaka 2017 watafiti walichapisha walichokikuta walipochunguza tishu za tumbili wa namna hii: kirusi cha Ebola kimejificha kwenye jicho, kwenye ubongo, kwenye korodani, sehemu ambazo mwili wenyewe huzuia askari wake wasiingie kwa fujo, ili wasiharibu. Manusura wengi wa Afrika Magharibi walikuwa wakilalamika macho kuuma na kufifia, na wapo walioambiwa ni mawazo tu. Mwaka 2021 Guinea ikapata mlipuko mpya, na kirusi kilipopimwa kikawa karibu sawa kabisa na kile cha 2014 hadi 2016. Kilikuwa kimelala ndani ya mwili wa mtu kwa zaidi ya miaka mitano. Manusura hawakuchagua hilo. Wanahitaji daktari wa macho, vipimo vya faragha na jirani asiyewakimbia.

Sasa sogeeni karibu mtazame hapa, nyuma ya jicho, kando ya retina. Ile rangi inayonasa kwenye kirusi imewaka kwenye seli chache tu. Mnaweza kukisia ni seli gani? Ni makrofaji.